Usiku Niliomtazama Bamkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Kamba tena. Leo mguu wa kushoto, wa kulia umechubuka. Kaka Gwamaka anafunga fundo lile la kufungia ng'ombe, anavuta kuhakikisha, halafu anasema samahani dada. Kila jioni samahani dada. Mke wake, mama Joshua, ameshawahamishia watoto kwa jirani wakalale huko. Anasema ni joto. Agosti hii, hapa Ngana, joto gani.

Asubuhi nimefunguliwa. Nimefagia, nimechota maji, nimemenya ndizi. Mama Joshua alikaa pembeni mpaka nikamaliza, akachukua kisu akaondoka nacho. Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Sijalala. Naogopa usingizi kama wengine wanavyoogopa mamba.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika ilivyokuwa. Kila nikisimulia, neno moja linabadilika, na nikiwa mahakamani neno moja litanimaliza.

Ilikuwa Juni, Ngonga, nyumbani kwa wakwe zangu. Mavuno. Mume wangu Lusajo alikuwa amevuka mpaka kwenda Karonga na mzigo. Mvua ilikuwa bado haijakata vizuri, kwa hiyo tulipura mpunga tangu alfajiri mpaka giza, siku baada ya siku. Mimi, mama mkwe, na wifi yangu Tumpe, dada yake Lusajo, aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda. Fimbo juu, fimbo chini, geuza mganda, fimbo juu. Kulala kulikuwa kidogo tu, kama wizi.

Siku hiyo tuligombana. Tumpe alisema mbele ya vibarua kwamba napura kama mtu anayefukuza nzi. Nikamjibu, iko siku nitakupura wewe. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka.

Tulilala chumba kimoja, mimi na Tumpe na binti yangu Neema, wa miaka sita. Neema upande wa ukutani.

Kinachofuata sikijui. Ninachokijua kinaanzia pale mama mkwe amenikumbatia kiuno kwa nyuma, anapiga kelele jina langu, na mimi nimeshika fimbo ya kupuria. Damu kwenye mkeka. Neema amejibanza pembeni, hata halii. Mlangoni mwanga wa tochi na mgongo wa mtu.

Tumpe hana tena jicho la kulia. Mkono wake ulivunjika.

Sikumbuki. Polisi walipouliza nikasema sikumbuki. Aliyekuwa anaandika alicheka puani, akaandika. Baadaye kaka akaniwekea dhamana, akanileta hapa kwake Ngana kusubiri kesi.

Jumapili, 10 Agosti

Nilienda kanisani. Kosa. Benchi zima likabaki na mimi peke yangu.

Kuna wanaosema nilitaka kumuua wifi yangu kwa sababu ya maneno. Kuna wanaosema mtu anayetoka kitandani usiku akiwa hajui anatoka, huyo si mgonjwa, huyo ana kazi zake za usiku. Sijui lipi baya zaidi. Nadhani la pili, maana la kwanza lina kifungo na kifungo kina mwisho.

Kitu kingine. Tangu nifike hapa hakuna aliyenisalimia asubuhi kwa Kinyakyusa. Ugonile, umelalaje. Mama Joshua alikuwa analitamka hata kwa kuku. Mimi ananipa habari za asubuhi, kama mgeni wa kutoka Dar.

Jumatano, 20 Agosti

Wakili amekuja kutoka Mbeya. Msichana tu, anaitwa Rehema, wa msaada wa bure. Viatu vyake viliingia tope akavivua, akakaa pekupeku kwenye gogo. Nikampenda kwa hilo.

Alinieleza polepole. Shtaka ni kujeruhi vibaya. Sheria haimfungi mtu kwa mkono wake, inamfunga kwa akili yake iliyoutuma mkono. Kama nilikuwa nimelala kweli, hakuna aliyeutuma. Lakini kusema tu haitoshi. Daktari wa Mbeya aliyenipima ameandika kwamba si kichaa, kwamba upo ugonjwa wa usingizi wa namna hiyo, kwamba uchovu mwingi unauchochea. Hawezi kuandika kwamba usiku ule ndio uliotokea. Hakuwepo.

Kwa hiyo anataka mtu aliyewahi kuniona natembea usingizini. Kabla ya Juni.

Mama yangu alikufa. Kaka alikuwa akilala nyumba ya wavulana, hakuniona. Lusajo akilala hata ukuta ukianguka haamki. Alinikuta mara moja nimesimama mlangoni, akadhani natoka chooni.

Halafu akauliza kwa nini maelezo yangu ya polisi yanasema alikuja mama mkwe peke yake, wakati maelezo ya Tumpe yanasema na baba yake alikuja. Nikaanza kumfutia viatu vyake tope. Akauliza tena. Nikamwambia huyo mzee sina jina lake mdomoni. Polisi waliuliza nani mwingine alikuwepo, mtaje. Ningemtajaje? Nikasema hakuna.

Alinitazama sana. Akasema, Sekela, mwendesha mashtaka atasema umedanganya polisi.

Ni kweli nimedanganya. Nimedanganya kwa sababu ya heshima, na sasa uongo huo ndio utakaonifunga.

Jumanne, 2 Septemba

Mahakamani Kyela. Tumpe alitoa ushahidi.

Sikuweza kumwangalia upande ule wa kitambaa. Niliangalia mkono wake, umepinda kidogo, hautanyooka tena. Aliongea bila kulia. Nilimpiga, nikamgeuza kwa mguu, nikampiga tena. Hivyo ndivyo alivyosema, alinigeuza. Nikajua mara moja nilikuwa nafanya nini. Fimbo, geuza mganda, fimbo: nilikuwa napura.

Alisema na maneno yale, iko siku nitakupura wewe. Vibarua wawili waliyasema pia.

Kisha akasema baba yake aliingia na tochi akaniambia acha, na mimi nikageuka, nikamtazama. "Alimtazama baba yangu usoni, mheshimiwa, macho kwa macho, hakujificha, hakuinamisha kichwa. Mwanamke mwenye chuki ya namna hiyo ana kitu gani cha kuheshimu?" Nyuma yangu ukumbi mzima uliguna.

Mimi? Nilimtazama?

Naandika ukweli maana hakuna wa kunisoma. Kwa muda kidogo aibu ya hilo ilinichoma kuliko jicho la Tumpe. Mimi ni mtu gani.

Jumatano, 3 Septemba

Kamba. Sijalala. Nimefikiri.

Mwaka wa kumi na moja tangu niolewe. Sijawahi kumwona bamkwe uso. Mabinti wa siku hizi wameshauacha mwiko huo wa Kinyakyusa, wanapeana hadi mikono na wakwe. Nyumba niliyoolewa haijaacha. Namjua kwa kikohozi, kwa miguu yake, ule wa kushoto una kucha nyeusi, kwa koti lake likining'inia. Akipita njia, nachutama kwenye majani nampa mgongo mpaka apite. Nikimsikia uani nazunguka nyuma ya nyumba. Jina lake silitaji, na maneno yanayofanana na jina lake siyataji, nimejifunza mengine badala yake. Hata humu siliandiki. Naye kwangu ni hivyohivyo, anakohoa kwa mbali ili nipate muda.

Hakuna anayenifundisha tena. Mwili umeshajua. Siku moja nilikuwa na sufuria la ugali wa moto, nikamsikia, nikachutama, ugali ukanimwagikia pajani. Sikusimama mpaka alipopita. Kovu ninalo.

Kwa hiyo aliyemtazama usiku ule hakuwa macho. Mimi niliye macho siwezi. Hata ningekuwa naua. Hata ningekuwa nawaka moto.

Tumpe amesema hayo ili nifungwe. Hakujua anasema nini. Au hasira imemzuia kujua.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimemweleza wakili kwa simu ya kaka. Kaka alisimama kando akaona haya, akaenda kuwaona ng'ombe. Rehema alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akasema yeye ni mtu wa Tanga, hajawahi kusikia kitu kama hicho, na hakimu pia ni mgeni huku. Mshtakiwa akisema mwenyewe, ni mshtakiwa anajitetea. Tumpe ni shahidi wa upande ule. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, uso wangu hakuuona. Anayetakiwa ni yeye mwenyewe. Mzee.

Nikamwambia haiwezekani. Atasimama mbele ya watu aseme aliuona uso wa mkamwana wake? Mimi nikiwa palepale?

Akasema, basi jiandae kwa jela.

Hajui kubembeleza, huyu msichana.

Jumapili, 21 Septemba

Mama mkwe amekuja Ngana. Kwa miguu kutoka stendi, na mkungu wa ndizi kichwani, kama mtu anayekuja kuona mzazi. Sikumtarajia. Nililia kabla hajautua.

Hakunikumbatia. Alikaa, akanywa maji, akasema alichotumwa.

Bamkwe aliwahi kuniona. Si Juni tu. Mwaka jana, wakati wa kakao, alitoka kabla hakujapambazuka kwenda zizini akanikuta uani napepeta ungo mtupu. Alikohoa, sikuondoka. Nikamfuata, nikasimama mbele yake, nikamtazama. Akageuka yeye akakimbia, mzee mzima. Asubuhi alinisikia jikoni naimba, akajua sina habari. Akanyamaza. Hata mke wake hakumwambia mpaka juzi.

Nikauliza kwa nini hakusema. Mama mkwe akanishangaa. Angesema mkamwana wake anazurura usiku, wangeniita nini?

Sasa hali chakula. Ndugu zake wa ukoo wamemwambia asithubutu, ataifanya nyumba kuwa kichekesho mbele ya serikali. Na Tumpe amemwambia akienda kunitetea asimwite tena mwanaye.

Nikauliza, atakuja? Akasema, sijui, mama. Akaniambia Neema ameng'oka jino. Anauliza kama nikirudi nitakuwa nimeamka.

Ndaga, nikamwambia, asante. Nililia tena mpaka mama Joshua akaja kufukuza majirani waliokuwa wakichungulia.

Jumatatu, 29 Septemba

Sina nguvu. Nasinzia nimesimama, nashtuka. Jana nilijikuta nimeshika mwiko jikoni na sikukumbuka kuushika. Nilipiga yowe. Kaka alikuja mbio na panga. Na panga! Tulitazamana. Akalificha nyuma ya mgongo.

Nikifungwa, Neema atakua akijua mama yake ni yule aliyemtoboa shangazi jicho. Nisipofungwa, atajua hivyohivyo. Tofauti ni kwamba nitakuwepo kumwambia nililala. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Niwepo.

Na kama hakuna usingizi wowote? Kama ni mimi tu, chuki yangu ya kweli kwa Tumpe imesubiri nilale ndipo itoke? Maana nilimchukia. Siku ile nilimchukia. Sijamwambia wakili.

Jumatano, 8 Oktoba

Amekuja.

Nilisikia kikohozi chake koridoni kabla sijaona kitu. Nikainamisha kichwa, nikavuta khanga, nikageukia ukuta wa kizimba. Hilo hakuna aliyeliona, watu walikuwa bado wanakaa.

Alisimama akanipa mgongo. Koti la kanisani. Karani akamwapisha. Hakimu akamwambia ageuke kidogo asikike, akageuka upande wa dirisha. Akasimulia ungo mtupu. Akasimulia Juni. Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani, nimezoea kuisikia ikiwaita ng'ombe.

Akasema, "Mheshimiwa, yule hakuwa mkamwana wangu. Mkamwana wangu alikuwa amelala. Ni mwili wake uliotoka."

Mwendesha mashtaka akauliza amejuaje. Akasema, "Kwa sababu alinitazama."

Wenyeji nyuma yangu wakainamisha vichwa. Mwendesha mashtaka, ambaye si wa huku, akacheka. Mzee, mtu akikutazama ndiyo amelala? Bamkwe akamweleza mwiko, kwa maneno machache, kama mtu anayevuliwa shati. Akaulizwa kwa nini basi alinyamaza mwaka mzima. Akasema aliogopa wasije wakaniita mchawi. Halafu akasema, "Jicho la mwanangu limetoka kwa kunyamaza kwangu. Siwezi kunyamaza tena likatoka na la huyu." Tumpe alikuwa benchi la mbele. Alitoka nje.

Mwendesha mashtaka akasema hizo ni hadithi za kifamilia. Akasema, haya, huyo mwanamke unayemzungumzia yumo humu? Mtazame. Ioneshe mahakama.

Nikasikia viatu vyake vinageuka.

Sijui nilifikaje chini. Nilikuwa sakafuni mwa kizimba, nimechutama, paji la uso kwenye mbao, khanga imenifunika mpaka mgongoni. Askari wa kike akanishika bega, simama wewe, simama mbele ya mheshimiwa. Alinivuta, nikang'ang'ania mbao. Nikajisikia nasema siwezi, baba yupo, siwezi. Kifungo kilikuwa hapohapo juu ya kichwa changu na sikukikumbuka hata kidogo.

Mwendesha mashtaka akasema ni maigizo. Wanawake wa nyuma wakazomea. Hakimu akagonga meza, akamwambia askari aniache.

Kisha akauliza, taratibu, "Mzee, hivi ndivyo anavyofanya siku zote?"

"Siku zote," akasema. "Isipokuwa zile mbili."

Nilibaki chini mpaka akatoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelia usiku kucha. Magoti yamechubuka kwa mbao za kizimba. Hukumu tarehe ishirini na nne.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeachiwa.

Hakimu alisoma muda mrefu. Nilishika machache. Kwamba mkono ulionyanyua fimbo haukutumwa na mtu aliye macho. Kwamba mahakama imeona kwa macho yake yenyewe mshtakiwa akiwa macho anafanya nini. Kwamba si kichaa, hapelekwi Dodoma kwenye hospitali ya wafungwa. Kaka alikuwa analia kwa sauti. Lusajo alinishika mkono, nikaona hajui aushike vipi.

Kabla ya kufunga, hakimu akanitaka nisimame nimsikilize vizuri. Akasema mwanzo hukujua. Sasa unajua. Siku utakayolala karibu na mtu bila kuchukua tahadhari, ukamdhuru, usije hapa kuniambia ulikuwa umelala. Hiyo itakuwa ya kwako ukiwa macho.

Nimeielewa. Ndiyo haki kubwa niliyoisikia tangu Juni, na imeniogopesha kuliko jela.

Tumpe alikuwa nje, chini ya ukuta. Nilimwendea. Nilitaka kupiga magoti. Akainua ule mkono uliopinda.

"Sawa," akasema. "Wamesema hukuwepo. Mimi nilikuwepo."

Akaondoka. Ni kweli, kati yetu wawili ni yeye peke yake aliyekuwepo.

Jumapili, 2 Novemba

Lusajo amekuja kunichukua. Mama Joshua ameifua ile kamba, akaikunja, akanipa niende nayo. Sikujua kama ni zawadi au ni nini. Nimeipokea.

Ngonga walikaa kikao kabla sijafika. Nimejengewa chumba mwisho wa nyumba, kidirisha kimoja, kufuli nje. Nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Ikaja habari ya nani atashika ufunguo. Lusajo akajitolea, watu wakamwangalia tu, yeye leo yupo kesho yupo Karonga, na akilala ndiyo basi. Mama mkwe ana miguu mibaya.

Tumpe alikuwa hajasema neno tangu nifike. Akanyanyuka, akachukua ufunguo mkekani. Mama yake akamwambia aache, si kazi yake.

"Nataka kufunga mimi mwenyewe," akasema. "Nisikie kwa masikio yangu kwamba imefungwa."

Ameufunga kwenye uzi shingoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua zimeanza. Tumeandaa vitalu vya mpunga. Neema analala kwa bibi yake, asubuhi anakuja mbio, ananikagua macho kwanza, halafu ananirukia. Pengo lake limeanza kujaa.

Bamkwe anakohoa kwa mbali kama zamani. Nachutama. Miguu inapita, ile kucha nyeusi. Jana ilisimama kidogo nyuma yangu, ikaendelea.

Kila siku Tumpe anafunga, anajaribu kufuli, anakwenda zake. Alfajiri anafungua, anakwenda zake. Hatusemeshani.

Leo amefungua, hakuondoka. Alisimama mlangoni na ndoo yake, mvua inamnyeshea.

"Ugonile?" akasema.

Nikamwambia nimelala. Nilikuwa nimelala kweli, usiku mzima, bila kamba.

Akaurudisha ufunguo ndani ya blauzi, akashika njia ya mtoni. Nikachukua ndoo yangu nikamfuata, upande wa jicho lake zima, ili anione ninavyokuja.